Jiwe Linalonata Ulimini

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, ila kuchoka tu, na kuchoka si ugonjwa. Bosi wangu anatembea sasa. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu mtoto huyu akitaka kitu haombi, ananyoosha kidole. Baba Bosi naye yupo, bado ni kibarua kwenye karakana ya milango, anarudi na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Nimekupigia simu hadi ikachoka kuita. Nikakumbuka wewe na simu ni paka na maji, basi nikaazima kalamu. Mwandiko utanisamehe, shule niliiacha kabla haijanizoea.

Jambo langu ni hili. Tulianza kuchimba shimo la choo nyuma ya nyumba, maana kuazima choo cha jirani kumefika mwisho. Mama wa pale siku hizi akiniona naja na ndoo anaanza kukohoa. Baba Bosi alipofika chini, mara mbili ya kimo chake, sururu ikaacha kulia. Ikazama kwenye kitu cheupe, kama mtu anayekata sabuni. Akatoa bonge. Mjomba, ni jiwe lakini si jiwe. Ukilikwaruza kwa kucha linaachia unga, ukilishika linakuachia weupe mikononi, ukilipulizia pumzi linanuka mvua inapoanza, na ukiliweka ulimini linanata.

Tangu siku hiyo choo kimesimama. Watu wanakuja kuchungulia. Fundi redio anasema ndiyo dawa wanayopaka ndege zisishike moto. Muuza maji anasema ni mfupa wa mnyama wa zamani, na kwamba mnyama mwenyewe bado yuko chini amelala. Baba Bosi yeye karakana ameanza kuiruka, na tukiwa tunakula ananichorea mezani kwa kidole nyumba ya ghorofa. Nikifuta meza nalifuta na ghorofa lake.

Wewe umekuwa kwenye ofisi ya kupima mawe tangu mimi sijazaliwa. Nimempa dereva wa lori la saruji kipande akuletee. Tuambie ni nini. Na jambo jingine dogo, nauliza kwa ajili ya Bosi anayeokota kila kitu: mtu akilila hili jiwe, kidogo kidogo, litamdhuru?

Mpwa wako,
Mama Bosi


27 Februari

Mwanangu Mama Bosi,

Marahaba. Nimefurahi Bosi ametembea, sasa utamtafuta. Mimi nipo, siku zinakwenda. Fundi cherehani, jirani yangu, anakusalimu, ingawa hamjuani. Ukiona mistari yangu inapanda mlima, lawama ni za kalamu.

Kipande kimefika. Kabla sijasema neno, nisaidie. Jiwe halitambuliwi kwa kulitazama. Kwa kutazama watu wameuziana chupa zilizovunjika. Kwanza, litoe juani uniambie rangi yake, na kama lina vimeremeta. Pili, likamulie ndimu. Likitoa povu ni jamii ya chokaa. Lisipotoa, si chokaa, na habari inaendelea. Tatu, tia kipande kwenye makaa uone kama litavimba, litapasuka au litafanya nini. Nne, ponda kingine, tia maji, kanda kama unga, kisha viringisha kiwe chembamba kama mkia wa panya, ukikunje. Uniambie kama kimekatika.

Tano, niambie nani alikaa kiwanja hicho kabla yenu, na alifanya kazi gani. Ardhi hunywa kila inachomwagiwa.

Na kuna jambo umelipita. Umesema ukiliweka ulimini linanata. Nani aliliweka ulimini? Sisi wa zamani tulikuwa tukifanya hivyo kazini, lakini nyinyi sikuwafundisha.

Kuhusu kula: asile mtu. Bosi wala bosi wa Bosi.

Mjomba wako


9 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo. Bosi amejifunza neno jipya, neno lenyewe ni "hapana," basi nyumba nzima tunaongea na "hapana." Mimi kidogo uchovu. Harufu ya varnishi kwenye nguo za Baba Bosi sikuwa na ugomvi nayo, siku hizi inanitoa nje. Labda ni joto.

Nimefanya ulivyosema. Juani ni jeupe, lakini si jeupe la chaki, lina unjano kwa mbali kama jino la mzee. Halimeremeti. Ndimu nimelikamulia hadi ndimu ikaisha, hakuna povu, jiwe likanywa tu likanyamaza. Kwenye makaa halikuungua wala halikuvimba. Asubuhi nililiokota kwenye majivu nikajaribu kucha, kucha ikashindwa. Limekuwa gumu, ukiligonga linalia kama sahani. Na ule mkia wa panya haukukatika, Mjomba. Nimeukunja ukawa pete. Nimeivaa hadi ilipokauka.

Lakini nikuulize. Jiwe si unalo wewe? Rangi yake mbona unaniuliza mimi? Nikasema labda unanipima kama mwalimu. Na hiyo kalamu yako imezidi, salamu za fundi cherehani zimelala juu ya mistari mingine, nimezichambua kama mchele.

Aliyekaa hapa kabla yetu alikuwa fundi wa betri za magari. Alizivunjia hapo hapo nyuma, maji yake akiyamwaga chini. Ndiyo maana kona ile hakuna hata jani linaloota. Tulipewa kiwanja kwa bei ya huruma na hatukuuliza huruma inatoka wapi.

Kuhusu ulimi, ni Baba Bosi aliyeonja. Wanaume unawajua.

Nakuletea bonge jingine kubwa kwa dereva yule yule. Hili ni la chini kabisa, ndilo safi kuliko yote. Hujanijibu vizuri lile la kula. Umesema asile mtu. Sasa kama mtu alishakula?

Mpwa wako,
Mama Bosi


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama barua yangu ilifika, maana Machi imekwisha na nusu ya Aprili imeifuata. Kimya kingi kina mshindo, na mimi mshindo wake nausikia usiku na mchana.

Bosi hajambo. Baba Bosi karakana wamempa mtu mwingine randa yake. Alikwenda akaikuta mkononi mwa mwenzake, akarudi bila kuuliza. Sasa anachimba tangu jua linapotoka, shimo limekuwa pana kuliko chumba tunacholala, na udongo wa juu umekuwa tuta karibu na mlango. Nimemwambia, "Baba Bosi, tulitaka choo tu." Akaniambia, "Mke wangu, subiri Mjomba aseme." Basi wote tunakusubiri, yeye kwa lake na mimi kwa langu.

Dereva wa lori alipita juzi. Nilimuuliza, "Mjomba wangu ulimwona?" Akasema, "Mimi nilimwona. Yeye sijui kama aliniona. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwake akanipita hivi hivi, akaenda akaisalimia nguzo." Alidhani atanichekesha.

Mjomba, macho yako yana nini? Kama hutaki kusema, usiseme. Lakini lile la kula nijibu. Nakuomba kama ambavyo ningemwomba mama yangu angekuwepo.

Mpwa wako


2 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua hii nasema mimi, anaandika fundi cherehani. Ndiyo maana leo mistari imenyooka.

Bonge la pili lilifika siku nyingi. Dereva ana haki, sikumwona. Nililichukua nikakaa nalo kitandani, nikaligeuza geuza kwa kidole gumba, ndivyo ninavyotazama siku hizi. Upande mmoja nikakuta mitaro. Nikasema ni patasi ya mumeo. Lakini patasi hukata moja kwa moja, na hii imepinda kama mwezi mchanga, midogo midogo, mingine juu na mingine chini. Yalikuwa meno.

Mumeo ana pengo hapo mbele, siku ya harusi yenu nilimwona akicheka akiziba mdomo. Kwenye jiwe hakuna pengo. Bosi meno yake bado hayawezi kung'ata hivyo. Basi nyumba hiyo amebaki mtu mmoja, na varnishi inamtoa nje.

Sikuulizi kwa nini hukusema. Mama yako alipokuwa na wewe tumboni aliula ukuta wa jikoni, kona ya nyuma ya mlango. Tukategea panya mwezi mzima.

Nilinyamaza kwa sababu ya fundi betri. Jiwe lenyewe nililijua ulipovaa ile pete. Kilichonishinda ni risasi, ile metali iliyomo ndani ya betri. Ikiingia ardhini haina rangi, haina ladha, na ikiingia kwa mama inamfuata mtoto alipo. Hiyo haipimwi kwa kucha wala ndimu, inataka mashine. Mashine iko ofisini na mimi si wa ofisi hiyo tena tangu mwaka juzi. Jicho moja lilifungwa kama dirisha, la pili likasema na mimi nifanye nini peke yangu. Waliniaga kwa kanga ya kumpelekea mke wangu, ambaye ni marehemu, na saa ya ukutani. Saa siioni, ila naisikia.

(Hapa ni mimi fundi cherehani. Hiyo kanga waliitoa ofisini bila kujua mke amefariki. Na mzee hakutaka niandike habari za macho, nimeandika kwanza ndiyo nikamsomea.)

Mabonge yote mawili nimeyapeleka, nimeomba kama mtu wa nje. Yatapimwa zamu yakifika. Wewe usisubiri. Acha leo. Nenda kliniki uwaambie ukweli wote, usiwape nusu. Na mumeo mwambie.

Mjomba wako


18 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole ya macho. Pole na mwaka juzi wote ulioubeba peke yako. Msalimie fundi cherehani, mwambie aandike kila anachokatazwa.

Ni kweli. Nina mimba. Sikusema kwa sababu ya yule wa mwaka jana. Yule nilimtangaza mapema, nikashona na kofia, halafu nikabaki na kofia. Huyu nikasema nitamficha hata kwako, akae akijua hakuna anayemtazama. Hamu ikaja. Ni harufu ile ya mvua, Mjomba. Nilikuwa navunja kipande naweka chini ya mto, naamka naking'ata, moyo unatulia. Halafu usiku huo huo nalala nikiogopa. Hilo bonge nililokuletea nilikuwa nimeshalionja kabla ya kulifunga. Nililipangusa nikadhani nimelifuta.

Kliniki nimekwenda. Nesi alinivuta kope ya chini akaangalia, akauliza, "Dada, unakula nini?" Nikasema wali na mboga. Akasema, "Na kingine?" Nikamwambia. Hakunigombeza. Akasema udongo unamnyang'anya mama damu, chakula kinaingia lakini nguvu yake inabebwa. Damu yangu imeshuka. Amenipa vidonge vyekundu, vinanifunga tumbo lakini nameza. Moyo wa mtoto ameusikia. Aliniwekea chombo na mimi nikausikia, unakwenda mbio kama mtu aliyechelewa.

Baba Bosi nilimwambia akiwa shimoni, yeye chini mimi juu. Akauliza, "Kwa hiyo ulikuwa unakula ghorofa langu?" Nikacheka, naye akacheka kidogo. Akapanda ngazi, akakaa kizingitini, akavua viatu, akavivaa tena, akavua. Baadaye akaniambia, "Niletee vipande vyote." Nikampa hata cha chini ya mto. Kimoja nilikuwa nimekisahau kwenye kofia. Nacho nikampa.

Sasa tunangoja mashine. Hata Bosi akisema "hapana" naona kama anajibu.

Mpwa wako


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Anaandika fundi cherehani, amekaza macho.

Jibu limetoka. Nililifuata mwenyewe, nikakaa benchi la wageni ambalo miaka yote nililipita bila kujua kama ni gumu. Mama wa maabara, ambaye nilimfundisha mimi kushika nyundo, alinisomea mara mbili.

Jiwe si jiwe, ulisema mwenyewe. Ni udongo mweupe wa kufinyangia vikombe na sahani. Una miaka mingi kuliko hesabu zetu, umekandamizwa hadi ukajisahau. Una thamani ukiwa mlima mzima na barabara yake. Mwambie mumeo, kwa pole, kwamba shimo lake ni la choo.

Sasa la kwako. Bonge la pili, lenye meno yako, lile la chini kabisa, halina risasi ya kutisha. Ni safi kadiri udongo unavyoweza kuwa safi. Kipande cha kwanza, cha pale juu udongo mweupe unapoanzia, kinayo. Kwa hiyo nataka kusikia kwako neno moja: ulikuwa unakula wa wapi?

Chochote utakachojibu, lile tuta la udongo wa juu lililo karibu na mlango liondolewe, Bosi asilichezee, na kona ya fundi betri msipande mboga. Ukienda kliniki waonyeshe karatasi hii, wakupime na hiyo risasi kwenye damu. Nimechoka leo, benchi lile ni gumu.

Mjomba wako


12 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Wa chini. Nilikuwa nakula wa chini. Wa juu ulikuwa na mchanga, unakwaruza meno, niliutema siku ya kwanza sikuurudia. Kwa mara ya kwanza uchaguzi wangu umenisaidia.

Damu walipeleka hospitali kubwa, majibu yamerudi. Nesi anasema risasi ipo kidogo, haijafika pa kutisha, tuendelee kuangalia. Nililia kwenye foleni hadi mama wa mbele yangu akanipisha.

Tuta Baba Bosi amelihamisha lote, kalizika mbali na kulifunika. Karakana wamemrudisha, si kwenye randa, anapiga msasa. Anarudi mweupe kwa vumbi kama alivyokuwa akitoka shimoni. Choo kimepata sakafu.

Hamu haijaisha. Mvua ikinyesha nafunga dirisha.

Mpwa wako


11 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo sote, na sote tumeongezeka. Amekuja wiki iliyopita, mdogo kidogo, lakini sauti haikupungua. Mimi nimechoka, nimechoka hadi kwenye kucha, nikilala nalala na maziwa yanatiririka. Bosi alimtazama akasema "hapana," halafu akampa kijiko chake.

Choo kimekwisha. Mama jirani alikuja kukiona, akakohoa kwa mazoea.

Kifurushi hiki usimpe fundi cherehani akifungue, fungua wewe. Ni ule udongo wa chini. Bonge la mwisho Baba Bosi hakulitupa, alilificha juu ya paa. Ghorofa haliondoki moyoni kwa siku moja. Nimelitwanga, nikalikanda ulivyonifundisha nikafanya kibao, nikaukandamiza mguu wa mtoto kidogo tu, nikamwosha mwenye mguu palepale. Baba yake amekichoma kwenye makaa usiku kucha.

Sitakuandikia anafanana na nani. Papasa mwenyewe.

Mpwa wako,
Mama wa wawili


25 Septemba

Mwanangu,

Leo naandika kwa mkono wangu. Mistari ikigongana, iache ipigane.

Kimefika bila ufa. Nimeanzia kisiginoni. Nimekwenda taratibu, nimefika vidoleni. Kile kidogo cha mwisho kimempanda mwenzake mgongoni. Dada yangu alikuwa nacho hivyo hivyo, viatu vyote vilimwonea. Wewe hukukirithi, nilikutazama ulipozaliwa, na wakati ule nilikuwa naona.

Fundi cherehani anasema nitakimaliza kwa kukipapasa. Nimemwambia nimeshajaribu kwa kucha. Hakiachii unga.

Mjomba wako